Ujuzi wa Teknolojia Vyuoni Kajiado: Hoja Dhidi ya Warsha ya Siku Moja

Mpango Mkuu wa Kidijitali wa Kenya wa 2022–2032 unalenga kuwafunza ujuzi wa kidijitali wananchi milioni 20 na watumishi wa umma 300,000. Ni shabaha kubwa, na si rahisi mtu kuipinga. Hata hivyo, kipimo chake ni idadi ya vichwa, na vyuo vyetu vimekizoea kipimo hicho mno. Warsha hutangazwa, ukumbi hujaa, orodha ya mahudhurio hutiwa sahihi, chakula cha mchana huliwa, vyeti hugawanywa, na ripoti huandikwa kwamba wanafunzi, wahadhiri na wafanyakazi kadhaa wamepata ujuzi. Ninachodai hapa ni kwamba warsha ya aina hiyo, hata ikiendeshwa vizuri, haijengi ujuzi bali huutambulisha tu. Ujuzi hujengeka mtu anapofanya kazi yake mwenyewe, akiwa na mtu wa karibu wa kumwelekeza, tena kwa kurudiarudia. Chuo chenye fedha chache kingefanya vyema kumwajiri mwelekezi wa kudumu kuliko kuandaa msururu wa warsha.

Kaunti ya Kajiado inaliweka wazi suala hili kuliko kaunti nyingi. Sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 1,117,840, na maisha yao hayafanani. Kitengela na Ongata Rongai zimeungana na Nairobi kwa biashara, nyumba za kupanga na msongamano wa magari. Ukishika barabara ya Magadi, ukapita Kiserian na kuteremka Bonde la Ufa hadi Oltepesi, unaingia nchi ya wafugaji, kavu na yenye makazi yaliyotawanyika. Chuo kilichomo katika kaunti hii, kiwe chuo kikuu au chuo cha kiufundi, huweza kuwa na mwanafunzi wa Kitengela na wa Oltepesi katika darasa moja. Sensa hiyohiyo ilionyesha kwamba, kitaifa, asilimia 22.6 ya watu wa umri wa miaka mitatu na zaidi walitumia intaneti, lakini waliotumia kompyuta walikuwa asilimia 10.4 tu. Pengo hilo lina maana kubwa kuliko takwimu yoyote ya vifaa. Wengi wanaoingia chuoni ni watu wa simu. Wanatuma pesa, wanaandikiana, wanatazama video na kuuza bidhaa mtandaoni kwa wepesi ambao wahadhiri wao hawana. Lakini faili ni nini, imehifadhiwa wapi, jedwali la hesabu hujumlishaje safu nzima, marejeleo ya tasnifu hupangwaje: hayo ni mambo ya kompyuta, na simu huyaficha kwa makusudi ili mtumiaji asisumbuke. Kwa hiyo dai kwamba vijana wa leo hawahitaji mafunzo kwa kuwa wamezaliwa na teknolojia mikononi linachanganya mambo mawili.

Mwanafunzi wa namna hiyo akiketi mbele ya kompyuta kwa saa sita Jumamosi moja, kisha akarudi kwao ambako hakuna kompyuta, atakachobaki nacho ni kidogo. Watafiti wa elimu wamelijua hili kwa muda mrefu. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, Bruce Joyce na Beverly Showers walionyesha kwamba walimu waliopewa nadharia na kuonyeshwa mfano huelewa, lakini ni wachache wanaoyapeleka hayo darasani wasipopata mtu wa kuwafuatilia wakiwa kazini. Ushahidi wa nyumbani upo pia. Katika Kaunti ya Kisumu, chini ya mradi wa PRIMR wa kuboresha usomaji katika madarasa ya mwanzo, Benjamin Piper na wenzake walilinganisha njia tatu: vishikwambi kwa maafisa wanaowatembelea walimu, vishikwambi kwa walimu wenyewe, na visomeo vya kielektroniki kwa wanafunzi. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2016, yalionyesha kwamba njia zote tatu ziliinua usomaji, lakini hakuna iliyoishinda nyingine kwa kiwango cha maana kitakwimu. Ikiwa kumpa kifaa afisa mmoja anayezunguka shuleni kunaleta matunda yanayokaribiana na kumpa kifaa kila mtoto, basi ni vigumu kuepuka hitimisho kwamba sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na ule mzunguko. Mpango wa Tusome, ulioanza 2015 katika shule za msingi za umma nchini, ulijengwa juu ya msingi huo: afisa mwenye kishikwambi aliingia darasani, akatazama somo, kisha akazungumza na mwalimu.

Itasemwa kwamba chuo si shule ya msingi. Ni kweli, ila waliotembelewa na kuelekezwa katika miradi hiyo walikuwa watu wazima, wafanyakazi wenye mazoea yao na hadhi ya kulinda. Hadhi ni jambo ambalo waandaaji wa warsha hulipita juujuu. Mhadhiri mwandamizi hawezi kuinua mkono mbele ya wanafunzi wake na kuuliza jinsi ya kurudisha faili aliyoifuta kwa bahati mbaya. Atatikisa kichwa kana kwamba ameelewa, na tatizo lake ataondoka nalo. Karani wa ofisi ya msajili, ambaye huenda ndiye anayeujua mfumo wa alama kuliko wote ukumbini, hatathubutu kumsahihisha. Mwelekezi anayebisha mlango wa ofisi humkuta mhadhiri akiwa peke yake, na kosa lake likiwa pale kwenye skrini. Tena kazi zenyewe hazifanani. Watafiti wa elimu Punya Mishra na Matthew Koehler walieleza mwaka 2006 kwamba mwalimu huhitaji kuunganisha maarifa ya somo, ya ufundishaji na ya kifaa, na kwamba maarifa ya kifaa pekee hayafundishi chochote. Mhadhiri wa uuguzi na wa uhasibu hawatumii jedwali la hesabu kwa njia moja, na mkutubi ana haja zake nyingine kabisa. Warsha ya wote hulazimika kufundisha kile ambacho wote wanaweza kukivumilia.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la miundombinu: umeme ukikatika na bando likiisha, mwelekezi atafanya nini? Siwezi kulipuuza hilo, hasa kwa mwanafunzi wa Oltepesi. Lakini mwenye hoja hii kwa kawaida humalizia kwa kudai vifaa kwanza, watu baadaye, na mpangilio huo umekwisha kujaribiwa. Huko Peru, Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika (IDB) ilichunguza shule 319 baada ya wanafunzi wa baadhi yake kupewa kompyuta ndogo. Ripoti ya 2012 haikuona tofauti katika hisabati wala lugha. Kenya nayo, kupitia mpango wa ujuzi wa kidijitali uliozinduliwa 2016, ilisambaza vifaa zaidi ya milioni moja katika shule za msingi. Mwelekezi, kwa upande wake, huweza kuanza na simu iliyopo, akamwonyesha mwanafunzi jinsi ya kufungua jedwali la hesabu humo na kulifanyia kazi mahali pasipo na mtandao. Kompyuta isiyo na mwelekezi haiwezi kuanza na chochote.

Kuhusu gharama, warsha huonekana rahisi kwa sababu tunagawa bajeti kwa idadi ya waliohudhuria. Tukiigawa kwa idadi ya waliobadilisha namna wanavyofanya kazi muhula mmoja baadaye, hesabu huwa nyingine, hasa tukijumlisha marupurupu ya wageni wanaoalikwa kwenye warsha.

Lipo pingamizi moja linalonisumbua zaidi. Nchi hii tayari ina waelekezi wa teknolojia katika kila mji mdogo, nao ni wahudumu wa saiba, yaani vibanda vya intaneti. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB), na mwalimu anayewasilisha ripoti ya kodi kwa Mamlaka ya Mapato (KRA), humwachia mhudumu kitambulisho, nywila na ada, naye humfanyia kila kitu. Mwaka unaofuata anarudi palepale akiwa hajui zaidi. Je, mwelekezi wa chuo hatageuka mhudumu wa saiba asiyelipwa na wateja? Anaweza, na mahali pengi atageuka, asipowekewa sharti kwamba kipanya na kibodi hubaki mikononi mwa mwenye kazi, na kwamba nywila ya mtu haimhusu. Sharti hilo linakwenda sambamba na moyo wa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na wakati huohuo ni sharti la ufundishaji. Litaifanya huduma iwe ya polepole, na baadhi ya wakubwa watalalamika kwamba wanacheleweshwa. Ndiyo sababu mwelekezi hafai kuwa kijana wa mkataba wa miezi mitatu anayelipwa na mradi wa wafadhili. Anayeweza kumwambia mkuu wa idara aandike mwenyewe ni mfanyakazi aliye katika orodha ya mishahara ya chuo, mwenye cheo kinachotambuliwa na mkubwa wa kumtetea.