Msamaha au Ubatilisho? Hukumu za Zamani za Bangi na Swali la Rangi Minneapolis

Kati ya Januari na Mei 2018, polisi waliovaa kiraia wa Minneapolis, mji wa jimbo la Minnesota nchini Marekani, walipita Hennepin Avenue, katikati ya mji, wakiwauliza watu kama wana bangi ya kuuza. Aliyekubali aliuza gramu moja au mbili kwa dola 10 au 20, kisha akatiwa pingu. Ofisi ya mawakili wa umma ya Kaunti ya Hennepin ilipoyakusanya majalada, ilikuta waliokamatwa ni 47, na kati yao 46 walikuwa weusi. Katika mji huo watu weusi ni takriban mmoja kati ya watano. Mkuu wa ofisi hiyo, Mary Moriarty, aliliweka jambo hilo hadharani. Meya Jacob Frey na mkuu wa polisi Medaria Arradondo wakasimamisha operesheni, na mwendesha mashtaka wa kaunti, Mike Freeman, akatangaza kuziondoa kesi mahakamani.

Mjadala wa hukumu za zamani za bangi kwa kawaida huanzia mahali pengine. Watu huuliza kama ni haki mtu aendelee kubeba rekodi ya jinai kwa jambo ambalo leo jirani yake analifanya barazani bila kuogopa. Ni swali la maana, lakini jibu lake huishia kwenye huruma: sheria imelegea, basi na sisi tulegeze. Makala haya yanadai kwamba huruma ni msingi mbovu. Hukumu nyingi za aina hii zilikuwa na kasoro tangu siku zilipotolewa, kwa sababu ya namna watu walivyochaguliwa kukamatwa. Zaidi ya hayo, sababu tunayoiandika leo tunapozifuta ina matokeo ya kisheria, na wanaoumia zaidi kwa sababu isiyofaa ni wahamiaji, wakiwamo Wakenya wa kitongoji cha Brooklyn Park, Wasomali wa mtaa wa Cedar-Riverside na Wakongomani waliofika kama wakimbizi.

Tuitazame sheria yenyewe kwanza. Gavana Tim Walz wa Minnesota alitia saini sheria ya kuhalalisha bangi tarehe 30 Mei 2023, na kuanzia tarehe 1 Agosti mwaka huo mtu mwenye umri wa miaka 21 na zaidi aliruhusiwa kuwa nayo na kuitumia. Makosa madogo yalifutwa bila mtu kuomba. Kufikia Mei 2024, idara ya upelelezi ya jimbo ilikuwa imefunga rekodi 57,780. Makosa makubwa yalikabidhiwa bodi maalumu inayopitia jalada moja baada ya jingine, ikiangalia kama kulikuwa na silaha au mtu aliyejeruhiwa, na kama kitendo kile leo kingehesabiwa kosa dogo au kisingekuwa kosa kabisa.

Msomaji anaweza kushangaa makosa makubwa yalitoka wapi, maana Minnesota ilikuwa imekwisha kulegeza adhabu tangu 1976. Aliyekutwa na gramu 42.5 au pungufu alitozwa faini tu. Siri imo katika vipengele vilivyosalia. Aliyempa mwenzake kiasi hicho bure alikuwa na kosa la faini. Aliyepokea dola 10 kwa gramu moja alikuwa ametenda kosa kubwa la jinai. Aliyekuwa na zaidi ya gramu 1.4 ndani ya gari alikuwa na kosa la kumpeleka jela, ilhali kiasi hichohicho mezani nyumbani kilikuwa cha faini. Kwa maneno mengine, sheria ilimhurumia mwenye sebule, mwenye rafiki wa kumgawia na mwenye mlango wa kufunga. Aliyebaki nje alikuwa mtu wa barabarani na wa garini, palepale ambapo polisi wa doria huangalia.

Matokeo yake yalionekana. Uchunguzi wa ACLU, shirika la kutetea haki za kiraia, uliotolewa 2013 ulionyesha kwamba mtu mweusi wa Minnesota alikuwa na uwezekano wa karibu mara 8 kuliko mzungu wa kukamatwa kwa kuwa na bangi. Ule wa 2020 ulikuta mara 5.4, wakati wastani wa nchi nzima ulikuwa mara 3.6, ingawa weusi na wazungu huvuta kwa viwango vinavyokaribiana.

Wapo watakaojibu kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma: aliyevunja sheria alijua ni sheria, na kubadilika kwake baadaye hakumsafishi. Hoja hii ina uzito, na hata sheria za kwetu huitambua kwa kiasi fulani. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 50(2)(p), humpa mshtakiwa nafuu ya adhabu iliyopunguzwa kabla hajahukumiwa. Aliyekwisha kuhukumiwa hatajwi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, katika ibara ya 15, unataka mkosaji anufaike na adhabu nyepesi iliyowekwa baada ya kosa, lakini Marekani ilipouridhia 1992 iliweka sharti la kutofungwa na sentensi hiyo. Tukibaki kwenye tarehe ya mabadiliko, basi, mwenye msumeno anaweza kushinda. Ila msumeno wa Hennepin Avenue haukukata pande zote. Ulikata 46 upande mmoja na 1 upande mwingine, na hoja ya usawa mbele ya sheria haiwezi kutetea jambo hilo.

Minnesota ina mfano wake yenyewe wa namna ya kulishughulikia. Mwaka 1991, katika kesi ya State v. Russell iliyotoka Minneapolis, Mahakama ya Juu ya jimbo ilipima sheria iliyotoa kifungo cha hadi miaka 20 kwa gramu 3 za kokeini ya kuvuta, ilhali kwa kokeini ya unga adhabu hiyo ilihitaji gramu 10. Takwimu za 1988 zilikuwa wazi: kati ya walioshtakiwa kwa ile ya kuvuta, 96.6% walikuwa weusi; kati ya walioshtakiwa kwa unga, 79.6% walikuwa wazungu. Jaji Pamela Alexander wa Kaunti ya Hennepin alikuwa ameitupilia mbali sheria hiyo. Jaji Rosalie Wahl, akiandika uamuzi wa Mahakama ya Juu, alikubaliana naye: jimbo lilipaswa kuonyesha tofauti ya kweli kati ya makundi hayo mawili, na simulizi za maafisa hazikutosha. Miaka minne tu kabla, katika McCleskey v. Kemp, Mahakama ya Juu ya shirikisho ilikuwa imedai mlalamikaji athibitishe nia ya kibaguzi, mzigo ambao karibu hakuna anayeweza kuubeba. Minnesota ilichagua kuangalia matokeo na kudai sababu.

Inasikitisha kwamba bunge la jimbo lilijibu kwa kuipandisha adhabu ya unga badala ya kuishusha ile nyingine. Usawa ulipatikana kwa kuwaumiza wote. Lakini kipimo cha Russell bado kipo, na naamini kinafaa kwa bangi. Jimbo liulizwe ni tofauti gani ya kweli iliyokuwapo kati ya gramu iliyogawiwa sebuleni na gramu iliyouzwa kwa dola 10 kando ya barabara, iliyostahili kumgeuza mmoja mhalifu mkubwa na mwingine mlipa faini.

Kuna hasara ambazo ufutaji wa leo hauzigusi. Mwongozo wa adhabu wa Minnesota, unaotumika tangu 1980, huhesabu makosa makubwa ya nyuma na kuongeza adhabu ya kosa jipya, na kosa hubaki kwenye hesabu hata miaka 15. Aliyefungwa kwa wizi 2012 huenda alikaa miezi ya ziada kwa sababu ya bangi ya 2003. Kufuta hukumu ya bangi peke yake hakumrudishii miezi hiyo. Vilevile, katika State v. Torgerson, Septemba 2023, Mahakama ya Juu ya Minnesota iliamua kwamba harufu ya bangi pekee haikutosha kulipekua gari, na upekuzi wenyewe ulikuwa wa kabla ya uhalalishaji. Kufuta rekodi hakusemi lolote kuhusu hukumu za zamani zilizotokana na upekuzi wa aina hiyo.

Kwa mhamiaji mambo ni mazito zaidi. Sheria ya uhamiaji ni ya shirikisho, na huko bangi bado ni haramu. Tangu uamuzi wa Roldan wa 1999, Bodi ya Rufaa za Uhamiaji haitambui hatua ya jimbo ya kufuta hukumu ili kumpa mkosaji nafasi ya kujirekebisha. Kwa sheria ya uhamiaji, mtu huyo bado ana hatia. Uamuzi wa Moncrieffe v. Holder wa 2013 uliwakinga waliogawa bangi kidogo bila malipo, lakini si waliopokea pesa. Kwa hiyo mauzo ya dola 10 yanaweza kuhesabiwa miongoni mwa makosa mazito kabisa ya kumrudisha mtu kwao. Mama anayehudumia wazee katika nyumba ya uuguzi Brooklyn Park anaweza kuambiwa na jimbo kwamba mwanawe hana rekodi, kisha akamwona anashikiliwa kwa rekodi hiyohiyo.

Hapa ndipo sababu ya kufuta inapokuwa kila kitu. Katika shauri la Pickering la 2003, bodi hiyohiyo ilisema kwamba hukumu iliyobatilishwa kwa kasoro ya kisheria haihesabiwi tena, bali iliyobatilishwa kwa huruma au kwa kumwepusha mtu na athari za uhamiaji inaendelea kuhesabiwa. Neno msamaha, lenye sauti ya upole, linamwacha mhamiaji palepale. Anachohitaji ni uamuzi wa jaji unaosema kwamba upekuzi ulikuwa batili, kwamba walengwa walichaguliwa kwa rangi, au kwamba wakili wake hakumweleza athari za uhamiaji kabla hajakiri kosa.

Sababu hiyo ya mwisho ni ngumu kwa wengi. Kesi ya Padilla v. Kentucky ya 2010 ilifanya ushauri huo kuwa haki ya kikatiba, lakini miaka mitatu baadaye Chaidez v. United States ikaamua kwamba haki hiyo hairudi nyuma. Waliokiri kabla ya 2010 wamefungiwa mlango wa shirikisho. Jimbo linaweza kuwafungulia wake: California tangu 2017 inawaruhusu waliokwisha kumaliza vifungo kurudi mahakamani kuonyesha kwamba hawakuelewa athari za uhamiaji walipokiri. Minnesota nayo iandike sheria ya hukumu za bangi itakayowaruhusu majaji kutaja kasoro yenyewe, na waendesha mashtaka wakubali takwimu za rangi kuwa ushahidi, kama zilivyokubaliwa katika Russell. Majalada yapitiwe na mawakili wa umma katika kaunti zote 87, kuanzia na ya wasio raia. Kodi ya mauzo ya bangi ilipandishwa kutoka 10% hadi 15% mwaka 2025. Fedha za kuwalipa mawakili hao zinaweza kutoka kwenye biashara ileile ambayo wateja wao walifungwa kwa ajili yake.