Kutabiri mbio kwa vipande: kutoka Oxford hadi Kasulu

Haya wadau, leo siasa tuiweke kando kidogo, tuzungumze riadha. Najua wengi wenu mkisikia neno riadha mnamkumbuka Filbert Bayi, mnasikitika kidogo, kisha mnarudi zenu kwenye Simba na Yanga. Vuteni subira. Swali la leo ni la historia, lakini kwa sisi tuliokulia nyanda za juu za Kigoma ni swali la nauli pia: je, mkimbiaji anaweza kujua atatumia muda gani kwenye mbio kabla hajafika kwenye mstari wa kuanzia?

Jibu fupi ni kwamba anaweza, kwa kiasi fulani. Jibu refu linaanzia Uingereza.

Desemba 1953 Roger Bannister, kijana aliyekuwa akisomea udaktari London, alianza zoezi moja rahisi kulieleza. Alikuwa akikimbia yadi 440, yaani mita 402 hivi, anapumzika dakika mbili, anakimbia tena, mpaka vipande 10 vitimie. Mwanzoni kila kipande kilimchukua sekunde 66. Ilipofika Aprili 1954 alikuwa ameshuka hadi sekunde 61, na hapo akakwama. Akaondoka na rafiki yake Chris Brasher kwenda kupanda milima Scotland kwa siku chache. Aliporudi na kujaribu tena, vipande vyote 10 vikatoka kwa sekunde 59.

Sasa chukua kalamu. Maili moja ina vipande vinne vya yadi 440. Mara nne 59 ni dakika 3 na sekunde 56. Wakati huo hapakuwa na binadamu aliyewahi kukimbia maili moja chini ya dakika 4, na wapo walioamini haiwezekani. Tarehe 6 Mei 1954, kwenye uwanja wa Iffley Road mjini Oxford, Bannister alikimbia kwa 3:59.4. Dunia ilishangaa, lakini daftari lake la mazoezi lilikuwa limeshatoa jibu wiki kadhaa kabla.

Mazoezi ya namna hii Waingereza huyaita intavali. Mimi nitayaita vipande, maana ndivyo yalivyo: mbio ndefu imekatwa vipandevipande na katikati umewekewa pumziko. Hayakuanza na Bannister. Ujerumani miaka ya 1930 kocha Woldemar Gerschler na daktari wa moyo Hans Reindell walikuwa wakipima mapigo ya moyo ya wakimbiaji wao. Kanuni yao ilikuwa hivi: kimbia mpaka moyo ufike mapigo 180 kwa dakika, kisha pumzika mpaka ushuke hadi 120. Usiposhuka ndani ya sekunde 90, ujue kipande kilikuwa kikali mno au mwili umechoka. Mwanafunzi wao maarufu, Rudolf Harbig, alikimbia mita 800 kwa 1:46.6 mjini Milan mwaka 1939. Rekodi hiyo ilidumu miaka 16. Harbig mwenyewe hakuishi kuiona ikivunjwa, alikufa vitani mwaka 1944.

Baadaye akaja Emil Zátopek wa Chekoslovakia, mtu wa vipande 40 vya mita 400 kwa siku moja. Helsinki 1952 alishinda mita 10,000, akashinda mita 5,000, kisha akaingia marathoni ambayo hajawahi kuikimbia maishani mwake, nayo akaishinda kwa 2:23:03. Wote hawa walitumia vipande kujenga mwili. Bannister akaonyesha kwamba vipande hivyohivyo vinaweza kusomwa kama saa ya kesho.

Wamarekani, kama kawaida yao, wakageuza jambo hili kuwa hesabu. Mwaka 1977 mhandisi Peter Riegel alichapisha kanuni inayosema: chukua muda wako wa mbio moja, uzidishe kwa uwiano wa umbali ulioongezwa kipeo cha 1.06. Ile 0.06 ndiyo uchovu. Mwili ungekuwa mashine, ukiongeza umbali mara mbili muda nao ungeongezeka mara mbili kamili. Kwa binadamu unaongezeka zaidi kidogo. Halafu mwaka 1994 mwandishi Amby Burfoot aliutangaza mtindo wa mwenzake Bart Yasso: kimbia mita 800 mara 10, na wastani wako wa dakika na sekunde usome kama saa na dakika za marathoni. Ukipata wastani wa dakika 2 na sekunde 50, basi marathoni ni saa 2 na dakika 50. Ni rahisi kukumbuka, ingawa wengi waliojaribu wamegundua inawapendelea kwa dakika kadhaa, hasa wale wasiokimbia umbali mrefu wa kutosha.

Sasa turudi nyumbani. Ukitafuta majina ya Kasulu na Kibondo kwenye magazeti ya miaka 30 iliyopita, utakutana na kambi: Mtabila, Nyarugusu, Nduta. Utakutana na wakimbizi, lakini wakimbiaji hutawaona. Majina ya mbio zetu yanatoka kwingine. Bayi katoka Karatu, Suleiman Nyambui katoka Majita kule Mara, Alphonce Simbu katoka Singida. Hata hivyo, nyanda zetu si tambarare za pwani. Tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kuna vilima kila upande, na watoto wanatembea kwenda shule. Na ukivuka mpaka tu, kusini mwa Burundi, kwa watu ambao Kirundi chao na Kiha chetu vinasikilizana bila mkalimani, ndiko alikotoka Venuste Niyongabo. Atlanta 1996 alimwachia mwenzake Dieudonné Kwizera nafasi yake ya mita 1,500, akaingia mita 5,000 ambazo alikuwa hajazizoea, akashinda dhahabu kwa 13:07.96. Ile ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa Burundi.

Kwa hiyo tatizo letu sioni kama ni miguu. Naliona kwenye kipimo. Kijana wa Kibondo anaweza kuwa na kasi ya ajabu na hakuna mtu atakayejua, kwa sababu hakuna aliyepima umbali anaokimbia wala kuandika muda wake. Wakati wa UMISSETA anayechaguliwa ni yule aliyeonekana siku hiyo. Asiyeonekana anarudi shambani.

Mwaka huu kijana wa mtaani kwetu Kasulu, ana miaka 19, alinipigia simu.

"Kaka, shikamoo. Nimepima barabara mita elfu moja kwa tepu ya fundi. Nimekimbia mara tano, kila nikimaliza napumzika dakika moja. Zote nimepata tatu na sekunde tano. Nusu marathoni ya Moshi nitapata ngapi?"

Nikamuuliza kwa nini anataka kujua. Akasema mama yake yuko tayari kuuza magunia mawili ya maharage apate nauli ya basi, ada ya kujiandikisha na pa kulala. Akishinda zawadi, maharage yatarudi. Asiposhinda, ndiyo hivyo tena.

Nikakaa chini na kalamu. Vipande vitano vya 3:05 ni dakika 15 na sekunde 25. Lakini katikati kapumzika dakika nne jumla, na kwenye mashindano hakuna pumziko, kwa hiyo mita 5,000 za mfululizo nikamkadiria 15:45. Nikaziweka kwenye kanuni ya Riegel. Nusu marathoni ikatoka saa 1, dakika 12 na nusu. Wanaume wanaogombea zawadi kwenye nusu marathoni kubwa za nchi hii hukimbia saa 1 na dakika 3 au 4. Nikamwambia ukweli.

Akanyamaza kidogo. "Basi maharage yabaki," akasema. Kisha akauliza: "Na nikishusha hadi mbili na hamsini?"

Nikahesabu tena. Vipande vya 2:50 maana yake mita 5,000 za mashindano kwa 14:30 hivi, na nusu marathoni saa 1, dakika 6 na ushei. Hapo bado si zawadi kubwa, ila ni muda ambao kocha yeyote atasimama na kuuliza huyu ni nani. Kwa hiyo sasa anajua anadaiwa nini: sekunde 15 kwa kila kilomita. Hilo deni si dogo, linaweza kuchukua miaka. Lakini ni deni lenye hesabu, na hajauza gunia hata moja ili alijue.

Wazee wa Buha wanalijua neno kipande kwa maana nyingine. Enzi za ukoloni Kasulu na Kibondo ziligeuzwa kuwa ghala la vibarua. Vijana wa Kiha walipelekwa kwenye mashamba ya mkonge Tanga, wakaitwa manamba, na kila mmoja alikuwa na kadi iliyoitwa kipande. Siku 30 za kazi zikijaa kwenye kadi, ndipo alipwe. Kipimo kilikuwepo na kilikuwa kikali, ila kadi ilijazwa na mnyapara. Kijana wetu naye ana vipande vyake, tofauti ni kwamba daftari analishika mwenyewe. Mimi naiona tofauti hiyo kuwa kubwa.

Isije mkadhani nauza uganga. Vipande vinadanganya, na sababu zinajulikana. Ya kwanza ni pumziko: ukipumzika dakika tatu badala ya moja, utapata namba nzuri isiyo na maana. Ya pili ni njia: changarawe yetu haifanani na lami, na Moshi kuna mlima wa kuelekea Mweka. Ya tatu ni urefu wa mbio: vipande vya mita 1,000 vinasema mengi kuhusu mita 5,000, vinasema kidogo kuhusu marathoni, kwa sababu baada ya kilomita 30 mwili unatafuta akiba ambayo zoezi la dakika 20 halikuigusa.

Sababu ya nne haina kanuni, nayo ni mashindano yenyewe. Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, Bayi alitoka mbele tangu mlio wa bastola kwenye fainali ya mita 1,500 ya Jumuiya ya Madola, jambo ambalo wajuzi waliliona ni la kujimaliza. Hakushikwa. Alimaliza kwa 3:32.16, rekodi mpya ya dunia. John Walker wa New Zealand aliyekuwa wa pili naye aliivunja rekodi ya zamani ya Jim Ryun, akaondoka na fedha. Miaka miwili baadaye dunia nzima ilisubiri wawili hao wakutane Montreal. Tanzania ikaungana na nchi za Afrika kususia michezo ile, na Bayi hakukimbia. Hakuna zoezi la vipande linaloweza kutabiri jambo kama hilo.

Tazama pia Juma Ikangaa, Boston 1988: alikimbia 2:08:44 akashindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja. Na tarehe 15 Septemba 2025 kule Tokyo, Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani walimaliza marathoni wote kwa 2:09:48, ikabidi picha iamue. Simbu akawa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika riadha. Daftari linaweza kukufikisha hadi pale mita 100 za mwisho. Zilizobaki ni za moyo.

Lakini kufika pale ni lazima kwanza mtu ajue kwamba upo. Ndiyo maana nasema jambo hili ni la watu wa Kasulu na Kibondo kuliko la watu wa Oxford. Kila mara tukizungumzia michezo Kigoma tunaambiwa tusubiri uwanja wa kisasa. Bannister alivunja dakika 4 kwenye njia ya majivu ya makaa. Zoezi la kijana wetu limehitaji tepu, mawe mawili kando ya barabara, saa ya simu na daftari la shilingi mia chache. Mwalimu wa michezo akiwa na vitu hivyo, akawapima wanafunzi wake kila mwezi kwa zoezi lilelile, pumziko lilelile, njia ileile, kwa mwaka mmoja atakuwa na orodha ambayo hakuna upendeleo wa siku ya uteuzi unaoweza kuipinga. Walimu wawili wa shule mbili tofauti wakifanya hivyo, wanaweza kulinganisha majina kwa simu bila mtoto yeyote kulipa nauli.

Barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo ni ndefu, na kila asubuhi kuna watoto wanaikimbia wakiwahi kengele. Aanze mtu mmoja kupima kilomita moja tu ya hiyo barabara, aweke mawe yake mawili, kisha aandike.

Tuonane wiki ijayo, panapo majaliwa.