Zhang Shan na sahani mia mbili za Barcelona

Katika Olimpiki za Barcelona mwaka 1992, Zhang Shan alirushiwa sahani 200 kabla ya fainali ya skiti, akazidungua zote 200. Alikuwa na umri wa miaka 24, mzaliwa wa Nanchong katika jimbo la Sichuan nchini China, na wengi wa wapinzani wake walikuwa wanaume.

Skiti huchezwa kwa bunduki ya marisau. Uwanjani kuna vibanda viwili, kimoja kinarusha sahani za udongo kutoka juu, kingine kutoka chini, na mlengaji huhama kituo hadi kituo, vinane kwa jumla. Kitako cha bunduki hukaa karibu na kiuno. Mlengaji akishaita sahani, yaweza kutoka papo hapo au ikachelewa hadi sekunde tatu. Ikichomoka tu, anainua bunduki begani, anaifuata, anaitangulia kidogo, anafyatua. Kwenye vituo vingine hurushwa mbili kwa pamoja, zikipishana angani, kila moja ina upana wa sentimita 11 tu. Jicho likichelewa kidogo, imeshapita. Kuzipata 200 bila kukosa hata moja ni jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko medali yenyewe.

Kwenye fainali alipata 23 kati ya 25, akafikisha 223. Juan Giha wa Peru na Bruno Rossetti wa Italia waliishia 222 kila mmoja, na jukwaani wakamnyanyua juu. Kabla yake hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kutwaa dhahabu ya Olimpiki katika shindano la shabaha lililochanganya jinsia zote mbili.

Tangu ilipoingia Olimpiki huko Mexico mwaka 1968, skiti ilikuwa wazi kwa wote. Barcelona ikawa ya mwisho. Atlanta 1996 skiti ilikuwa ya wanaume peke yao, na Ennio Falco wa Italia akachukua dhahabu. Kwa bunduki ya marisau wanawake waliachiwa shindano moja tu, trapu ya sahani mbili, mchezo mwingine wa kudungua sahani, alikoshinda Kim Rhode, binti wa Kimarekani wa miaka 17. Zhang, bingwa mtetezi, hakuwa na pa kulitetea taji lake. Huo ulikuwa uonevu, na sioni namna ya kuupamba. Bingwa hushindwa uwanjani. Yeye alifungiwa mlango.

Skiti ya wanawake ilianza Sydney mwaka 2000. Zhang alirudi akiwa na miaka 32 lakini hakufika fainali, na dhahabu ikaenda kwa Zemfira Meftakhetdinova wa Azerbaijan. Hata huko wanawake walipangiwa sahani 75 kabla ya fainali wakati wanaume walipiga 125, miaka minane tu baada ya mwanamke kudungua 200 mfululizo. Ilibidi kungoja hadi Olimpiki za Tokyo ndipo wote wakapewa 125.

Paris 2024 ilileta skiti ya timu mchanganyiko, mwanamume na mwanamke kila timu. Italia ilishinda kupitia Diana Bacosi na Gabriele Rossetti, mwana wa Bruno. Lakini katika shindano la mtu mmoja mmoja la shabaha, wanawake na wanaume hawajakutanishwa tena kwenye Olimpiki tangu Barcelona.