Wanawake 18 wa Nyamirambo: historia fupi ya kituo na karakana yake

Mwaka 2007 wanawake 18, wote wakazi wa Nyamirambo jijini Kigali, walianzisha kituo chao wenyewe. Walikuwa na madai yanayoeleweka na kila jirani: ukatili majumbani ukome, mwanamke asibaguliwe, naye apate elimu na ufundi wa kumwezesha kujilisha. Kituo hicho, ambacho watu wengi wanakifahamu kwa jina la Nyamirambo Women's Center, kinakaribia kutimiza miaka 20. Taasisi nyingi za rika lake zilikuja na mabango makubwa zikaondoka kimyakimya. Hii bado ipo, na kazi ya cherehani iliyoanzia humo imekuwa sehemu ya sura ya mtaa.

Kituo hiki hakieleweki bila mtaa wake. Mjerumani Richard Kandt alipoweka makao yake Kigali mwaka 1907, pamoja na utawala wake walikuja askari, makarani, wapagazi na wafanyabiashara waliozungumza Kiswahili, wengi wao Waislamu kutoka pwani na bara ya Tanganyika. Mwaka 1913 msikiti wa Al-Fatah ulisimama Biryogo, mlangoni mwa Nyamirambo. Wabelgiji waliwatoa Wajerumani mwaka 1916, na baadaye wakawakusanya wazungumzaji hao wa Kiswahili katika eneo moja lililoitwa Kambi ya Waswahili, ambako kutoka kwenda kwingine kulihitaji ruhusa. Shule nyingi zilikuwa za makanisa, na mtoto wa Kiislamu hakuwa na nafasi ya uhakika humo. Asiyepata shule hapati ofisi. Watu wa Biryogo wakashika kazi zisizodai cheti: biashara ndogo, udereva, ufundi wa kila aina. Mtaa ukajengeka juu ya kazi za mikono kwa sababu milango mingine ilifungwa, na hadi leo ukipanda barabara ya Nyamirambo unakuta vinyozi, mafundi viatu, mafundi simu na washonaji wamepangana baraza kwa baraza.

Ni mtaa huo ulioingia katika mwezi wa Aprili 1994. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliacha nyumba nyingi Rwanda nzima mikononi mwa wajane, au mwa binti mkubwa aliyelazimika kuwalea wadogo zake. Sheria zilifuata. Ile ya mwaka 1999 ilimpa mtoto wa kike haki ya kurithi sawa na kaka yake, Katiba ya 2003 ikatenga asilimia 30 ya nafasi za maamuzi kwa wanawake, na baada ya uchaguzi wa 2008 Rwanda ikawa nchi ya kwanza duniani kuwa na wabunge wanawake wengi kuliko wanaume. Ni mafanikio makubwa, na mimi ni miongoni mwa wanaoyasifu. Lakini sheria ya mirathi haimfai sana mama asiyeweza kusoma hati ya kiwanja chake, na kiti cha bungeni hakimlipii kodi ya chumba mama anayeuza ndizi kwenye mteremko wa Nyamirambo. Hapo katikati, baina ya sheria na sufuria, ndipo wanawake 18 walipoamua kufanya kazi.

Walianza na darasa. Kusoma na kuandika, Kiingereza, kompyuta, ushonaji: yote bila ada. Kiingereza kilikuja na uzito wake wakati huo, maana Rwanda iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka huohuo wa 2007, na mwaka uliofuata serikali ikaamua kwamba shule zihame kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Mtu mzima aliyekuwa amejikokota na Kifaransa cha mtaani alijikuta tena hana lugha ya ajira. Kituo kilifungua pia maktaba, ambako watoto wa mtaa hupata vitabu na mahali pa kukaa navyo.

Hata hivyo kila mwalimu wa ufundi anajua mahali mafunzo ya namna hii yanapokwama. Mwanafunzi anajifunza kushona, anapewa cheti, anakwenda nacho nyumbani, na cherehani hana. Baada ya miezi mikono inasahau. Jibu la kituo lilipatikana mwaka 2013 kwa kuanzisha Umutima, yaani Moyo, karakana ya kushona na kuuza. Mwanamke aliyemaliza mafunzo akapata mahali pa kufanyia kazi na ujira unaotokana na kazi hiyo, na sehemu ya mapato ikarudi kugharamia masomo ya bure ya wengine. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika historia ya kituo. Makumi ya wanawake wa mtaa wamepata riziki kwa njia hiyo.

Mtu asidhani ni kazi nyepesi. Chukua mkoba mmoja wa kitenge. Kitambaa hutandikwa mezani, hupimwa kwa futi kamba na kuchorwa kwa chaki, na hapo fundi huamua ua litakaa wapi. Akikata bila kuangalia, ua la upande mmoja halitakutana na mwenzake kwenye mshono, na jicho la mnunuzi litaona hata kama hawezi kusema kasoro iko wapi. Kisha bitana, zipu, mikanda ya kubebea iliyoshonwa mara mbili ili isikatike ikibeba uzito, na mwisho pasi. Vikapu ni habari nyingine kabisa. Havina cherehani. Uzi wa mkonge huzungushwa kwa sindano juu ya kiini cha majani makavu, duara juu ya duara, na mkono ukilegea duara moja tu, kikapu kizima kinakaa upande. Kikapu cha kifuniko, agaseke, kimo hata katika nembo ya taifa la Rwanda, kwa hiyo anayekisuka ovyo anajulikana.

Soko nalo lilikuwa na misukosuko yake. Mwaka 2008 Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na mfuko wa kitambaa ukawa hitaji la kila siku. Mwaka 2016 ushuru wa mitumba, ambayo Wanyarwanda huiita caguwa, ulipandishwa kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ili viwanda na mafundi wa ndani wapate kupumua. Marekani ilijibu mwaka 2018 kwa kuisimamishia Rwanda nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Wachuuzi wa caguwa, wengi wao wanawake, waliumia, na hilo lisifichwe. Lakini fundi anayeshona gauni jipya hawezi kushindana na gauni linaloingia kwa bei ya maji, na wanaokisifu kitenge kwa maneno tu wanapaswa kukumbushwa hivyo.

Kituo hakikungoja wateja waje wenyewe. Wenyeji wa mtaa huwaongoza wageni kwa miguu: kwanza maneno machache ya Kinyarwanda, kisha saluni, duka la fundi nguo, misikiti, na mwisho chakula katika nyumba ya jirani, pengine isombe, kisamvu cha Kinyarwanda, na maharage. Mgeni aliyekula katika nyumba ya mtu hununua mkoba kwa moyo mwingine.

Kuna sehemu ya dunia iliyojengeka pia juu ya ufundi, lakini maamuzi yake yakachukuliwa na watu wa mbali, nayo inafaa kutazamwa. Kusini mwa Sweden, katika misitu ya Småland, kuna vijiji vilivyozaliwa na vioo. Udongo wa huko ni wa mawe, lakini kuni zilikuwa tele, na tanuru la kioo halishibi kuni. Mwaka 1742 majenerali wawili, Koskull na Staël von Holstein, walianzisha kiwanda na kukipa silabi za mwanzo za majina yao: Kosta. Walileta mafundi kutoka Bohemia, na baada ya muda kila kiwanda kikawa na nyumba za wafanyakazi wake. Jioni, kazi ilipokwisha, majirani na wapita njia waliingia kujipasha joto na kuoka samaki wa chumvi kwa moto uliobaki. Tanuru lilikuwa baraza la kijiji. Vijiji kama Orrefors, kilichoanza vioo mwaka 1898, vilipata sifa duniani kote. Kisha umiliki ukasogea mbali, mkono kwa mkono, kampuni kwa kampuni. Mwaka 2013 kiwanda cha Orrefors kikafungwa na kazi ikahamishiwa Kosta. Uhodari wa mafundi wake haukupungua, ila hesabu hazikupigwa kijijini.

Hapa ndipo ninapoona thamani ya wale 18. Nyamirambo imewahi kuamuliwa na watu wa mbali: kambi ilichorwa na wakoloni, na hata nani asome ilipangwa na wengine. Kituo cha 2007 kiliamuliwa na watu wanaoamka na kulala hapohapo. Siku biashara ikiyumba, wanaoketi kutafuta njia ni wale ambao watoto wao wanasoma katika maktaba hiyo.

Na biashara imeyumba kweli. Machi 2020 Rwanda ilifunga mipaka kwa sababu ya Uviko, na mitaa inayotegemea wageni ilikauka ndani ya siku chache. Mwaka 2021 Jiji la Kigali lilifunga baadhi ya barabara za Biryogo kwa magari ili wenye migahawa watoe meza nje, lami ikapakwa rangi, na watu wakarudi kunywa chai na kula mishikaki hewani. Kigali nzima hupanda huko jioni siku hizi, na Kiswahili, kilichokuwa lugha ya kambi na tangu 2017 ni lugha rasmi ya Rwanda, husikika kila meza.

Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura au Goma, ukifika Kigali usiishie mjini. Panda Nyamirambo, uliza kituo cha wanawake, na ununue kitu kilichoshonwa humo kwa bei waliyoitaja. Na kama mtaa wako una wanawake wenye ufundi usio na karakana, wakutanishe na uwaache waamue wenyewe. Hawa wa Nyamirambo walikuwa 18 tu.