Programu Moja kwa Simu Zote: Miaka Kumi Tangu Parse Itangaze Kufungwa

Januari 28, 2016 wateja wa kampuni ya Parse waliambiwa wafungashe virago. Walipewa mwaka mmoja wa kuhamisha data zao, baada ya hapo seva zingezimwa. Miaka kumi imepita, na jina la Parse limekwisha kusahaulika kwa wengi. Lakini kijana anayetaka leo kujifunza kutengeneza programu za simu anahitaji kujua kisa hicho kabla hata hajachagua lugha ya kuandikia.

Parse ilianzishwa Marekani mwaka 2011, na Facebook ikainunua mwaka 2013. Iliwaondolea waandishi wa programu mzigo wa sehemu ambayo mtumiaji haioni: seva, hifadhidata, usajili wa watumiaji na nywila zao, pamoja na arifa zinazotumwa kwenye simu. Mtu aliandika mistari michache tu, na programu yake, iwe ya iPhone au ya Android, ikapata pa kuweka taarifa. Aprili 2014 Mark Zuckerberg wa Facebook alisimama mbele ya wasanidi kwenye mkutano wa kampuni yake akawaahidi miundombinu imara. Haikutimia miaka miwili, notisi ya kuhama ikatoka.

Aliyejenga kwenye kiwanja cha mtu hana haki ya kushangaa anapoambiwa abomoe. Tatizo ni kwamba katika fani hii viwanja karibu vyote ni vya watu.

Ndoto ya kuandika mara moja na kutumia kila mahali ni ya zamani kuliko simu janja. Java iliinadi tangu mwaka 1995, na baadaye ikaingia kwenye simu za vitufe, ambako kila aina ya simu ilikuwa na kioo chake na vituko vyake. Mwaka 2008 duka la programu la Apple likafunguliwa, na Android ikaingia sokoni mwaka huohuo. Kuanzia hapo, aliyetaka kuwafikia watu wote alilazimika kuandika kazi moja mara mbili, kwa lugha mbili tofauti.

Adobe iliona fursa. Flash yake, teknolojia ya video na michezo ya wavuti, ilikuwa imetapakaa kwenye kompyuta duniani kote, lakini iPhone haikuiruhusu. Kwa hiyo kampuni hiyo ikatengeneza zana ya kugeuza kazi iliyoandikwa kwa Flash kuwa programu halisi ya iPhone, ikapanga kuitoa pamoja na toleo la CS5 la programu zake, lililotangazwa Aprili 12, 2010.

Siku nne kabla ya tangazo hilo, Apple ilibadili mkataba wake na wasanidi. Kifungu namba 3.3.1 sasa kilitaka programu iwe imeandikwa tangu mwanzo kwa Objective-C, C, C++, au JavaScript inayoendeshwa na injini ya WebKit ya simu yenyewe. Zana za kutafsiri kutoka lugha nyingine zikapigwa marufuku. Adobe haikutajwa kwa jina, lakini kila mtu alielewa kombora limeelekezwa wapi. Ofisa mmoja wa Adobe aliijibu Apple kwenye blogu yake kwa maneno yasiyofaa kuchapwa gazetini. Aprili 20 Adobe ikatangaza kwamba haitaendelea kuwekeza katika zana hiyo.

Ndipo mkuu wa Apple mwenyewe, Steve Jobs, akashika kalamu. Barua yake ya Aprili 29 ina hoja sita na inafaa kusomwa hadi leo. Anaanza kama anayezungumzia ndoa iliyovunjika: anakumbusha kwamba Apple iliwahi kumiliki karibu asilimia 20 ya Adobe. Kisha anailaumu Flash kwa kula betri, kuangusha kompyuta na kutofaa kwa vidole. Hoja ya sita, ambayo mwenyewe anaiita muhimu kuliko zote, ndiyo inayotuhusu. Kampuni ya tatu ikikaa katikati ya msanidi na simu, anasema, msanidi atasubiri mpaka kampuni hiyo iamue kuleta kila kitu kipya. Tena kampuni hiyo itachagua yale tu yanayopatikana kwenye simu zote.

Waasisi wa Adobe, Chuck Geschke na John Warnock, walijibu Mei kwa barua ya wazi, huku kampuni ikinunua matangazo ya kejeli kutamka kwamba inaipenda Apple. Walioumia kimyakimya ni wengine: MonoTouch iliyotumia C#, Titanium, hata Unity ya michezo, wote hawakujua kama wana kesho. Septemba 9, 2010 Apple ililegeza kamba. Zana zikaruhusiwa tena, mradi programu isipakue msimbo mpya kutoka nje.

Jobs alikuwa sahihi kuhusu betri. Kuhusu hoja ya sita alikuwa sahihi nusu: alionya dhidi ya kumtegemea mtu wa kati, lakini hakusema kwamba Apple nayo ni mtu wa kati. Kalamu iliyoandika kifungu cha 3.3.1 ilikuwa mkononi mwake.

Yaliyofuata yanajulikana. PhoneGap ilifungasha kurasa za wavuti kama programu, na Adobe ikainunua kampuni iliyoitengeneza mwaka 2011. Facebook ilitegemea kurasa za wavuti katika programu yake ya simu, na Septemba 2012 Zuckerberg alikiri hadharani kwamba hilo lilikuwa kosa lao kubwa kuliko yote. Kampuni hiyohiyo ikatoa React Native, zana ya kuandika mara moja kwa iPhone na Android, mwaka 2015. Google iliinunua Firebase, huduma ya aina ya Parse, mwaka 2014, ikatoa Flutter 1.0, zana yake ya kuandika mara moja, Desemba 2018. Microsoft iliinunua Xamarin, mrithi wa MonoTouch, mwaka 2016, ikaacha kuihudumia Mei 2024.

Huku kwetu huduma iliyofika kwenye simu zote haikuhitaji duka la mtu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na menyu ya *150*00# inafunguka kwenye kitochi kama inavyofunguka kwenye simu ya milioni mbili. Lakini hata hapo mlango ni wa kampuni ya simu.

Kinachosikitisha ni namna tunavyowafundisha vijana. Kozi nyingi za muda mfupi huanza na kuishia kwenye Flutter na Firebase. Mwanafunzi anamaliza akiwa na programu inayong'aa, lakini hajawahi kuunda jedwali la hifadhidata wala kuwasha seva kwa mkono wake. Siku kufungwa kwa Parse kulipotangazwa, kampuni iliachia msimbo wa Parse Server bure. Aliyejua seva alihamisha nyumba yake, asiyejua alianza upya.

Wewe unayeanza, chukua Flutter au React Native bila woga, zote zinafaa. Ila jifunze SQL, lugha ya hifadhidata, endesha seva yako japo ndogo, na hakikisha kila mwezi una nakala ya data zako nje ya mikono ya mwenye kiwanja.