Junior Johnson: Dereva wa gongo ambaye polisi hawakuwahi kumdaka barabarani

Usiku, taa zimezimwa, gari limejaa gongo na nyuma yako kuna maofisa wa kodi. Hiyo ndiyo ilikuwa shule ya udereva ya Junior Johnson, mmoja wa magwiji wa NASCAR, mbio maarufu za magari nchini Marekani.

Jina lake kamili ni Robert Glenn Johnson Jr. Alizaliwa Juni 28, 1931 katika wilaya ya Wilkes, jimbo la North Carolina. Eneo lile ni la milima, na enzi hizo kilimo peke yake hakikutosha kulisha familia. Watu walipika gongo. Baba yake aliifanya kazi hiyo maisha yake yote, na karibu miaka 20 aliimalizia jela.

Unaweza kujiuliza, mbona marufuku ya pombe Marekani iliondolewa 1933? Ni kweli, ila kodi ilibaki. Gongo la milimani halikulipiwa kodi, na ndiyo maana waliowawinda akina Johnson walikuwa maofisa wa kodi.

Junior alianza kusafirisha mzigo akiwa na miaka 14 hivi. Gari la kazi kwa nje lilikuwa la kawaida kabisa, mara nyingi Ford. Siri ilikuwa ndani: injini imeongezwa nguvu, siti ya nyuma imeng'olewa, springi zimekazwa ili gari lisilale nyuma likijaa mzigo na kuwashtua polisi.

Jamaa alikuwa na ujanja pia. Inasimuliwa kwamba akikuta kizuizi, aliwasha taa na king'ora kama vya polisi, wakampisha wakidhani ni mwenzao. Akibanwa kabisa, aligeuza gari ghafla likiwa kwenye mwendo na kurudi alikotoka.

Mwaka 1955, msimu wake wa kwanza kamili NASCAR, alishinda mbio tano. Mwaka uliofuata akakamatwa. Si kwenye usukani! Walimkuta kwenye mtambo wa baba yake, akiwa kwa miguu. Alihukumiwa miaka miwili na kutumikia miezi 11 katika gereza la Chillicothe, Ohio. Alipotoka alirudi mbioni, na mwaka 1958 akashinda mara sita.

Ushindi unaokumbukwa zaidi ni Daytona 500 ya mwaka 1960, mbio za maili 500, yaani kama kilomita 800. Chevrolet yake ilikuwa inaachwa mbali na magari ya Pontiac. Kwenye mazoezi akagundua jambo: akijibana nyuma kabisa ya Pontiac, gari lake linaenda kasi ileile. Gari la mbele linapasua upepo, la nyuma linapata mteremko. Akawabana hivyo siku ya mashindano. Mizunguko michache kabla ya mwisho, Pontiac ya Bobby Johns iliyokuwa inaongoza ikang'oka kioo cha nyuma, ikayumba na kuserereka. Johnson akapita, akashinda. Leo hakuna dereva wa NASCAR asiyetumia mbinu hiyo.

Alistaafu udereva 1966 akiwa na ushindi wa mbio 50, lakini bila ubingwa wa msimu hata mmoja. Ubingwa aliupata akiwa bosi wa timu, mara sita: mitatu na Cale Yarborough (1976 hadi 1978) na mitatu na Darrell Waltrip (1981, 1982 na 1985).

Pamoja na umaarufu wote huo, kisheria alibaki mhalifu. Doa hilo lilimfuata kwa miaka 30, hadi Desemba 1986 Rais Ronald Reagan alipompa msamaha uliomrudishia haki zake za kiraia. Kwa mtu aliyekwishakuwa na hela na mataji, nadhani hilo lilikuwa kubwa kuliko kombe lolote.

Miaka ya 2000 aliingia ubia na kiwanda cha pombe cha North Carolina, ikatoka Midnight Moon, kinywaji kinachouzwa dukani kwa jina la mapishi ya familia yake. Safari hii, kodi imelipwa.

Mwaka 2010 alikuwa miongoni mwa watu watano wa kwanza kuingizwa katika Ukumbi wa Magwiji wa NASCAR mjini Charlotte. Humo kuna mtambo wa kupikia gongo, alioutengeneza mwenyewe. Alifariki Desemba 20, 2019 akiwa na miaka 88.