Mlima Buckley: Msitu Uliozikwa Barafuni

Karibu na chanzo cha mto wa barafu wa Beardmore, barani Antaktika, umesimama Mlima Buckley, mgongo wa miamba wenye kimo cha takribani mita 2,600. Barafu inayotoka kwenye uwanda wa juu wa Ncha ya Kusini hupita pande zake zote ikiteremkia nyanda za barafu za Ross. Mahali pengi miamba imefunikwa kabisa. Penye magenge tu ndipo matabaka yake yanapoonekana: mchangamawe, udongo ulioganda kuwa jiwe, na katikati yake mistari myeusi ya makaa ya mawe.

Makaa hayo yaligunduliwa na Frank Wild mwezi Desemba 1908, alipopita huko na mvumbuzi mwenzake Ernest Shackleton. Ugunduzi ule ulizua swali zito, kwa kuwa makaa ya mawe hutokana na mimea. Ilikuwaje misitu ikaota mahali ambapo leo hapaoti hata unyasi?

Jibu lilianza kupatikana tarehe 8 Februari 1912. Robert Scott na wenzake wanne walikuwa wakirudi kutoka Nchani, wamedhoofika kwa njaa na baridi. Hata hivyo walisimama chini ya magenge ya Buckley, na Dakta Edward Wilson akachambua mawe. Katika baadhi yake mlikuwa na alama za majani marefu, mshipa mmoja ukipita katikati na mishipa midogo ikisambaa kama wavu. Wote watano walifariki njiani. Novemba mwaka huohuo waliowatafuta walikuta miili mitatu hemani, na kando yake kilo 16 za mawe.

Mwaka 1914 mtaalamu Albert Seward wa Cambridge alithibitisha kuwa majani yale ni ya Glossopteris, mti wa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Visukuku vyake vimo India, Australia, Afrika Kusini, na hata katika miamba ya makaa ya bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania. Ni ushahidi kwamba nchi hizi zote, pamoja na Antaktika, zilikuwa bara moja, Gondwana.

Wapo wanaomlaumu Scott kwa kubeba mzigo ule. Mimi nauheshimu uamuzi wake. Nchani walitanguliwa na Roald Amundsen; kwa majani ya Buckley hawakutanguliwa na yeyote, na elimu waliyotuachia ingali inatufaa.